Nyundo Ng'ambo ya Ziwa

Huku kwetu, kaskazini mwa Ufini, mwezi wa Julai
jua hushuka hadi kwenye ncha za misonobari, likasita
kama mgeni aliyesahau mwavuli,
likarudi.
Utahesabuje saa?
Saa moja tangu lini, kama hakukucha
kwa sababu hakukuchwa?

Ndiyo maana kazi za kiangazi hazina jioni.
Mama yangu Saimi alifua mazulia gatini
saa sita ya usiku: mwanga upo, sabuni ipo,
ulale kwa udhuru gani?
Ajizi, alisema, akikamua, nyumba ya njaa.

Nimemrithi mikono.
Miezi kumi na mmoja nakagua hesabu
za kiwanda cha karatasi mjini Kemi.
Mwezi uliobaki naja hapa kupumzika,
na kupumzika sikukufundishwa.
Nalala chali juu ya gati, nahesabu mawingu.
Nayahesabu kweli, kwa safu. Nayajumlisha.
Kisha nasikia, ng'ambo ya maji:
ko. ko. ko.

Ni Ensio Kärnä, dereva wa treni mstaafu.
Ziwa limetulia hivi kwamba nyundo yake
inagonga ndani ya sikio langu.
Wenzako wanajenga, Hilkka. Wewe je?
Nainuka, uso umenipamba moto,
kana kwamba nimefumaniwa.

Miaka tisa hiyo.
Nimepigilia misumari ngazi isiyolegea,
banda la kuni, mlango wa sauna,
na kigogo, Mungu anisamehe, kigogo kitupu,
ili mlio uvuke ukamwambie
kwamba hata huku hatujalala.

Jumanne hii mpini ukavunjika.
Nikajitupa chini kwa hasira, bila hata zulia,
nikamsikiliza akigonga peke yake:
ko. ko.
Halafu ko moja, ya mtu anayeuliza.
Halafu kimya.
Halafu makasia.

"U mzima?" Alikuwa amevaa shati kinyume.
"Sikukusikia. Nikadhani umeanguka."
Nilimwonyesha mpini.
"Pole. Lakini siku zote hizi unajenga nini?"

Ningeweza kusema veranda.
Nikaona uongo nao ni kazi, nikauacha.
"Sijengi kitu. Na wewe?"
Akatazama viatu vyake muda mrefu.
"Nina ubao mmoja," akasema.
"Umejaa misumari kama nungunungu.
Nikikusikia unagonga, naona haya kulala."

Tulicheka hadi bata-maji wakaruka
na kwenda kutafuta ziwa lenye heshima.

Akaketi. Tukala viazi vipya na siagi,
na samaki wa moshi aliyekuja naye mfukoni,
amefungwa gazeti la wiki iliyopita.
Hatukusema lolote la maana.
Akasinzia kitini, kinywa wazi,
na mbu mmoja akatembea juu ya upara wake
taratibu, kama mpima ardhi.
Nilimwona. Sikumfukuza.
Hata hiyo ingekuwa shughuli.

Sawa, Mama, ajizi ni nyumba ya njaa.
Lakini sisi tulikuwa tumeshiba.
Na anayeinama ni mtaka cha mvunguni;
mimi mvunguni kwangu nimechungulia,
kuna soksi moja tu, na haina mwenzake.

Jua likagusa misonobari, likasita.
Ilikuwa saa ngapi? Waulize walio na treni.
Wingu likapita, kisha jingine,
kisha yale mengine.

Kesho, au siku yoyote itakayoitwa hivyo,
Ensio ataniletea ule ubao niuone.
Tumekubaliana jambo moja:
hatung'oi hata msumari.